Kadi ya Mniko

Kwa miaka mingi Bonareri alitunza kadi za wagonjwa wa ukoma katika zahanati ndogo ya misheni, nje kidogo ya Homa Bay. Kila mgonjwa alikuwa na kadi nyeupe, iliyoeleza ugonjwa wake, na siku daktari alipothibitisha amepona aliandikiwa ya pili, ya kijani. Ukichukua kadi ulikuwa unaacha kibao chenye jina lako mahali pake. Hata daktari aliifuata sheria hiyo.

Mwaka 1966 zahanati ilifungwa. Daktari akamwambia Bonareri, "Choma kadi zote za waliopona. Sitaki mtu aitwe mkoma mpaka kaburini. Lakini droo yenye kibao usiiguse mpaka kadi irudi."

Kibao kilikuwa kimoja tu, mahali pa kadi nyeupe ya Mniko, muuza mtama wa Isebania. Kilikuwa na jina la Mayaka, mhudumu wa kufunga vidonda. Mayaka hakuwa mtu baki. Walisali pamoja kila Sabato, na Bonareri alipofiwa na mume, ndiye aliyemlimia shamba msimu mzima bila kuombwa.

"Kaka, kadi ya Mniko iko wapi?"

"Si niliirudisha, dada? Nilisahau kibao tu. Kitoe."

Angeweza kupekua. Lakini kumpekua Mayaka? Alikitoa kibao, akabeba droo nyuma ya jiko, akachoma kila kitu. Alirudi nyumbani moyo mweupe.

Haukupita muda Mniko akafika kwake, hata kiti akakikataa.

"Mama, uliniambia mmezichoma."

"Tulizichoma."

"Na ile nyeupe iliyosomwa mbele ya baba yake Mellen, mchumba wangu, ni nini? Ng'ombe wangu wa mahari wamerudishwa. Sokoni hakuna anayegusa mtama wangu." Akanyoosha mkono. "Nipe ile ya kijani basi. Niwaonyeshe nilipona."

Ile ya kijani Bonareri aliichoma kwa mikono yake.

Alimkuta Mayaka uani kwake, akinoa jembe. Hakukana.

"Mdogo wangu anampenda Mellen. Ni damu yangu, dada. Ningefanyaje?"

"Na mimi ni nani kwako?"

"Wewe ndiye uliyetoa kibao," Mayaka alijibu, macho kwenye jembe. "Ukisema kadi ilikuwa kwangu, nani atakuamini?"

Hapo ndipo palipomchoma zaidi. Mayaka alikuwa ameyapima hayo mapema, huku akimwita dada.

Bonareri alifuatana na Mniko hadi Isebania. Mbele ya baba yake Mellen alipokea kibuyu cha uji alichonywea Mniko, akakimaliza, kuonyesha kwamba Mniko hana ugonjwa tena. Mzee akakipokea kibuyu kitupu.

"Mimi nakuamini, mama. Lakini maneno yamekwisha kuenea. Nitayakusanyaje?"

Mniko alipimwa upya Kisumu, akapewa cheti kingine. Aliporudi, Mellen alikuwa amekwisha kuolewa na mdogo wake Mayaka. Akavuka mpaka, akaanza biashara upya Sirare kwa watu wasiomjua.

Mwaka uliofuata jina la Mayaka lilitajwa kanisani awe mzee wa kanisa. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Bonareri alisimama, akayasema yote, hata lile la kutoa kibao kwa mkono wake mwenyewe. Mayaka aliinamisha kichwa.

Hakuchaguliwa. Wanawake wawili walimwambia Bonareri nje kwamba amemvua nguo mtu aliyemfaa wakati wa msiba. Alishika njia ya kwake peke yake, na msimu ule wa mvua alilima shamba lake mwenyewe, akilia mara kwa mara kama aliyefiwa tena.