Kifungu cha Mwenzi

Nianze na lililo baya ili msije mkasema nimewaficha: kifungu kile nilikitunga mimi. Wapo watakaowaambia kilitungwa na kamati, au na watu wa kanisa, au na wazee wa Mombasa. Waongo hao. Nilikitunga mimi, nimekaa juu ya robota la jinzi kwenye stoo yangu karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, huku China, natafuna mahindi ya kuchemsha, na nilikitunga kwa sababu nilitaka uenyekiti.

Chama chetu ni cha kufa na kuzikana. Watanzania na Wakenya tunaofanya biashara Guangzhou tunachanga, na mmoja wetu akifa chama kinamrudisha kwao akiwa mzima kwenye jeneza, asichomwe huku akarudi kwenye kopo. Kwenye daftari la wanachama, mbele ya jina lako, unaandika jina la mwenzi. Huyo ndiye anayepewa barua ya kusindikiza mwili, yenye muhuri wa chama. Anakaa na jeneza pale uwanja wa ndege wa Baiyun, anasafiri nalo, analifikisha kwenu, na ndugu zako wanampokea kama mfiwa. Nauli kila mtu anaweza kujikatia. Barua ile huikuti dukani.

Sasa, alikuwepo mtu wa Morogoro ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyetupakilia kontena. Ukiwa na marobota matatu tu, huwezi kukodi kontena peke yako. Yeye anakukusanya na wenzako kumi, anawapanga humo ndani hadi hata soksi haipenyi. Nilipofika Guangzhou sijui kitu, ndiye aliyenipeleka Xintang kwenye viwanda vya jinzi, akanifundisha kupima kitambaa kwa vidole, akanifundisha kwamba laoban, mwenye mali, akisema meiyou, yaani hakuna, bei haishuki, wewe vaa viatu vyako uondoke taratibu, maana atakuita kabla hujafika ngazi. Kila nilichonacho leo kimeanzia kwenye miguu ya mtu yule. Hilo mlijue kabla sijaendelea.

Alikaa na mwenzake, mtu wa Mombasa, muuza spea za simu. Chumba kimoja, sufuria moja, miaka tisa. Wote tulijua, na wote tulikuwa na adabu ya kutojua. Kisha figo za mtu wa Morogoro zikagoma. Akawa wa kusafishwa damu kila wiki, na hospitali za huku muuguzi hakuogeshi wala hakulishi, hiyo ni kazi ya ndugu. Ndugu yake alikuwa huyo wa Mombasa. Alimuogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alifunga duka lake siku ambazo wenzake wanauza. Na kwenye daftari la chama, katibu wa zamani, mzee asiyependa maneno, alikuwa ameandika jina la huyu kwenye nafasi ya mwenzi wa yule. Akafunga daftari. Hakuna aliyeuliza.

Nililiona jina hilo wiki nilipochukua fomu ya kugombea.

Mpinzani wangu alikuwa mwanamume wa Nairobi, mcheshi, anayependwa na wanafunzi na wanaume wanaokuja mikutanoni kwa ajili ya nyama choma. Watu wangu mimi walikuwa wengine: akina mama wa kanisa, wenye maduka, watu wazima wasio na muda. Tatizo la watu wangu ni kwamba hawaji. Jumapili wako ibadani, wakitoka wanafunga mizigo. Umwambie mwanamke aache mzigo aje kumchagua mwenyekiti wa chama cha maiti? Thubutu! Mimi siasa za nje nazifuatilia sana kwenye simu, na nilikuwa nimesoma jinsi nchi za watu zinavyopigia kura mambo ya ndoa siku moja na kura ya viongozi. Wasomi wanabishana kama kweli swali la ndoa huwatoa wacha Mungu majumbani mwao. Mimi sikubishana nao. Nilijaribu.

Kifungu kilikuwa cha mstari mmoja: mwenzi wa mwanachama ni mume wa mke au mke wa mume. Kipigiwe kura siku ile ile ya uchaguzi.

Nikachukua daftari dogo, nikaandika wanachama wote, na nikawagawa kama ninavyogawa nguo. Akina mama wa kanisa, ndiyo. Waislamu wa Mombasa, ndiyo. Wazee, ndiyo. Wanafunzi, hapana, maana vijana wamezoea mambo. Kisha nikaanza kuzunguka duka kwa duka kuhakikisha, na jamani, daftari langu likaniumbua. Wanafunzi niliowaogopa walikuwa wakali kuliko padri. Walicheka, walitoa mizaha ambayo sitairudia, wakasema waandikwe ndiyo mara mbili. Na wale mama zangu wa kanisa, niliowawekea alama nikiwa nimefumba macho, wakaanza kusafisha makoo. Mmoja akaniambia mambo hayo ni dhambi, ila yule kaka wa Mombasa alimkalia hospitali alipofanyiwa upasuaji. Shehe mmoja wa Mombasa akasema Mungu ndiye anayejua, na akabadilisha mazungumzo.

Ilinichukua siku tatu kuelewa. Umri haukuwa kitu, dini haikuwa kitu, na wala mji mtu alikotoka. Aliyewahi kuugua akiwa huku alikuwa hapana. Ambaye bado hajaugua alikuwa ndiyo. Wale wawili walikuwa wamewauguza nusu ya wagonjwa wetu, na mtu aliyewahi kuoshwa na mikono ya mwenzake hawezi kuisahau hata akitaka. Kwa kura ya siri ningeshindwa kifungu, na aibu ile ingenimalizia uenyekiti.

Mtu mwingine angekiondoa. Mimi nilipendekeza kwamba mwenyekiti achaguliwe kwa karatasi, lakini kifungu, kwa kuwa ni jambo la maadili, kipigiwe kura ya kusimama, kila mtu aonekane alipo. Kamati ikakubali, kwa sababu kukataa nako kungeonekana.

Mtu wa Morogoro alikuja stooni kwangu siku chache kabla ya mkutano. Alikuwa amevimba miguu hata viatu havimwingii, amevaa ndala kwenye baridi ile. Nilimpa kiti. Alizungumzia bei ya pamba kwanza, akauliza kontena langu la mwisho lilifika salama, na mimi nikamjibu kila kitu kwa upole, kwa kuwa kujibu mambo ya kontena ni rahisi. Hatimaye akasema.

"Dada, sikuombi unipigie kura. Naomba tu iwe ya siri. Nikifa nataka anifikishe kwa mama. Basi."

Nikamwambia, "Mtu asiye na cha kuficha anaogopa nini kusimama?"

Alinitazama kidogo tu. Nilitarajia anikumbushe Xintang, anitajie hisani zake moja baada ya nyingine, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Hakutaja hata moja. Akainuka kwa kushikilia robota langu, akanishukuru kwa chai ambayo hakuinywa, na akaenda zake. Nilikasirika. Mtu asiyekusimanga anakunyima hata sababu ya kumchukia.

Mkutano ulifanyika Jumapili mchana kwenye mgahawa tunaokula wali na maharage, na ulijaa hadi watu wakakaa juu ya kreti za soda. Watu wangu wote walikuja, na wale waliosafisha makoo walikuja na waume zao. Nilimwomba dada mmoja arekodi kwa simu, kwa ajili ya kumbukumbu za chama, nikasema kwa sauti ya kusikika. Kila mmoja mle ndani ana mama, ana mchungaji, ana mke aliyebaki nyumbani, na kila mmoja anajua video inavyotembea. Kisha nikasoma kifungu na kutoa maelekezo: ndiyo waende dirishani, hapana waende mlango wa jikoni.

Nikaona watu wanavyohama. Yule mama wa upasuaji alikwenda dirishani akiangalia viatu vyake. Shehe aliinuka kwenda kutawadha na akachukua muda wake. Wanafunzi walikwenda kwa vishindo. Upande wa jikoni wakabaki watu wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja: mpishi, ambaye alisema yeye hapa ndipo kwake na hahami, bibi mmoja wa Tanga asiyemwogopa mtu, na wengine wawili.

Mtu wa Morogoro alikuwa ameletwa kwenye kiti cha plastiki. Hakuweza kutembea. Mwenzake wa Mombasa akamnyanyua pamoja na kiti chake, akampeleka mlango wa jikoni, akamtua. Akamrekebishia blanketi magotini. Akatazama simu inayorekodi. Kisha akageuka, akavuka ukumbi mzima, akaja akasimama dirishani, kwetu.

Hakuna aliyecheka, hata wanafunzi. Mimi ndiye niliyeandika hesabu, na nilimhesabu.

Kifungu kilipita. Uenyekiti nikaupata kwa karatasi, kwa kura nyingi, na tulikula pilau. Nasema ukweli, nilifurahi. Nilipiga picha na keki.

Mgonjwa hakumaliza miezi miwili. Asubuhi aliyokufa, yule wa Mombasa alikuja stooni akiwa na mfuko wa karatasi mkononi. Alikuwa amenyoosha nguo, amenyoa ndevu. Alinisalimia kama mtu anavyomsalimia mkubwa wake, akaniuliza hali, akaniuliza biashara. Nikajitia kutafuta kalamu.

"Sikuja kuteta nawe, mama," akasema. "Nimejia barua."

Nikamwambia hakuna barua. Meiyou. Sijui kwa nini nililitumia neno lile la sokoni, labda kwa sababu ndilo neno nililozoea kulisikia na si kulisema, na ladha yake ilikuwa nzuri. Nikamweleza kwamba katiba iko wazi, asiye na mwenzi husindikizwa na mwenyekiti. Akasema daftari bado lina jina lake. Ndipo nikamwambia nililomwambia, na mpaka leo najua kila neno lilipokaa.

"Wewe mwenyewe ulisimama dirishani, baba. Nina video."

Akasema, taratibu kabisa, kwamba alivuka kwa sababu video ile mamake huko Mombasa angaliiona. Nikamjibu kwamba basi mama yake atakuwa amefurahi. Hilo halikuwa na ulazima wowote. Nililisema kwa kuwa nilikuwa na nafasi.

Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliuweka mfuko juu ya robota, akasema ndani kuna shati la kumzikia, ameshalifua na kulipasi, na kola ameilegeza kwa sindano kwa sababu marehemu hapendi kubanwa shingoni. Akaniomba nisilikunje sana. Kisha akasimama mlangoni kama aliyesahau kitu, akaondoka.

Nilisafiri na mwili mimi. Na kwa kuwa tiketi ya msindikizaji ina kilo zake za mizigo, na kilo haziachwi, nilijaza mabegi mawili ya jinzi za watoto kwa ajili ya duka la mdogo wangu Dar es Salaam. Moja nililiacha kwake, la pili nikaliburuta hadi Morogoro ili niuze njiani. Shati nililiweka juu kabisa ya begi hilo. Halikukunjamana, nilijitahidi.

Nyumba ya msiba ilikuwa juu mlimani kidogo, ya matofali ya kuchoma, turubai limefungwa uani. Mama yake alikuwa mjane mwembamba, amejifunga khanga kiunoni, mzee wa kanisa lao. Kwenye daftari langu, mwanamke wa aina yake ningemwekea ndiyo bila hata kumtembelea. Aliupokea mfuko wa shati, akalitoa, akapitisha vidole kwenye kola, akagundua uzi.

Akainua macho akatazama nyuma yangu, barabarani, kwenye gari lililotuleta. Dereva alikuwa anashusha begi la jinzi.

"Na yule mwenzake?" akaniuliza. "Yule aliyekuwa akimuogesha. Kila jioni alinipigia nisikie sauti ya mwanangu. Yuko wapi?"

Nikasema kazi zilimbana.

"Kazi," akasema mama.

Jeneza lilikuwa limeshatuliwa sebuleni. Pembeni yake walikuwa wametandika mkeka wa wafiwa, na karibu kabisa na kichwa cha marehemu palikuwa na mto mpya, bado una mikunjo ya dukani. Akina mama walikuwa wamekaa pande zote mbili, wamepaacha wazi. Nilielewa pale palikuwa pa nani kabla hajasema.

Akalikunja lile shati kwa uangalifu, akanishika mkono kwa adabu zote ambazo mgeni aliyetoka mbali anastahili. "Basi keti wewe hapo," akasema. "Hapawezi kubaki wazi."

Nikakaa.