Sauti ya Mama Maktabani

Mama Vifungo ni fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu akishona huwa na vifungo mdomoni, na ukimsalimia anakuitikia kwa kichwa. Chuo kikuu alikuwa akikipita tu nje ya ukuta, mpaka bintiye alipoanza masomo pale na kumkokota maktabani mchana mmoja.

"Mama, kuna chumba cha mambo ya kwetu. Twende ukaone."

"Mambo ya kwetu nimeyaacha kwenye beseni, hayajafuliwa," alijibu, lakini akaenda.

Chumbani mlikuwa na vinu, mikeka na picha za soko la zamani. Mkutubi, baba mpole mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, akawaambia wana pia hadithi zilizorekodiwa vijijini zamani.

Hapo Mama Vifungo akakumbuka. Utotoni, wageni walikuja na mashine kama redio, wakaketi uani wakimsikiliza mama yake. Akataja kijiji chao. Mkutubi akatafuta kwenye kompyuta, kisha akamvalisha spika za masikioni.

Kwanza mikwaruzo. Halafu mama yake, marehemu wa miaka mingi, akaanza hadithi ya chura aliyekataa kuoga. Katikati akaiacha ghafla: "Wewe! Toa mkono kwenye sufuria, nakuona!" Kisha akaendelea na chura wake kama kawaida.

Mama Vifungo aliangua kicheko, mara kikageuka kilio. Binti akamshika bega.

"Sura yake ninayo kwenye picha," alisema akijifuta. "Sauti nilishaisahau, mwanangu."

Jumamosi alirudi na kaka yake, dereva wa lori. Kaka alisikiliza amefumba macho, kisha akamnyooshea dada yake kidole.

"Wa sufuria ni wewe."

"Mimi? Mlafi wa nyumba ile nani asiyemjua?"

Mkutubi akawaomba wapunguze sauti, huku naye akicheka. Kwenye kompyuta, msimulizi alikuwa ameandikwa "mwanamke wa kijijini" basi. Wakamtajia jina kamili la mama yao, naye akaliandika palepale, wao wakisimama nyuma yake kuhakikisha hakosei herufi.

Kaka aliondoka na nakala kwenye simu. Siku hizi humpigia dada yake akiwa safarini. "Nimemsikiliza tena," husema, kisha wanaingia kwenye mengine: bei ya mafuta, goti linalomsumbua, na lini atapita kuchukua suruali yake.