Faili la Pilipili Manga

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani nikawajibu kwamba natunza seva, hutikisa kichwa kwa heshima, kisha huniomba niwatengenezee printa. Nimechoka kueleza. Kazi yenyewe haina uchawi wowote. Simu ya mtu inaomba faili, seva inaangalia kama inalo. Ikiwa inalo, inatoa. Ikiwa haina, inajibu kwamba hakuna, na jibu hilo lina namba yake, mia nne na nne. Haiulizi faili unalitaka la nini, wala haijui kama mtu aliye ndani ya faili bado anapumua. Zamani niliona hilo ndilo linaloifanya seva iwe bora kuliko watu.

Seva ninayotaka kuizungumzia ni kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza yangu, kwenye chumba nilichopanga jirani na stendi ya Msamvu, honi za mabasi zikiingia dirishani kutwa. Humo niliweka tovuti ya kikundi cha wakulima wa viungo wa kwetu Matombo. Haikuwa tovuti ya kujivunia. Ilikuwa ukurasa mmoja na mafaili ya sauti, kwa sababu wakulima wa kwetu hawapendi kusomeshwa maandishi kwenye kioo cha simu, lakini mtu akiongea watamsikiliza hata akiwa anakosea. Aliyeongea kwenye mafaili hayo alikuwa baba yangu.

Nilimrekodi nyumbani kwa simu yangu, ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango. Karafuu, mdalasini, iliki, akamalizia na pilipili manga. Alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, na alipenda kujifanya mwalimu. Mama aliposikia baadaye anavyofundisha kuanika karafuu, alisema yeye ndiye aliyemfundisha mwanamume huyo karafuu, alipokuja kuoa hakujua hata kuitofautisha na kokwa la zambarau. Baba akacheka, hakubisha.

Kwenye faili la pilipili manga kuna mahali alinikasirisha. Alikuwa amemaliza kueleza namna ya kuchuma, akataka kuonyesha kapu, kana kwamba wasikilizaji wangeliona. Akageuza shingo akamwita mama, kwa jina langu, kama wazazi wa kwetu wanavyoitana kwa jina la mtoto wa kwanza. Akaita "Mama" na jina langu, akauliza, "Kapu umeliweka wapi?" Mama alikuwa ameteremka mtoni. Baba akasubiri jibu. Mimi nikimpungia mkono aendelee, yeye anasubiri tu, anasikiliza nyumba. Mwishowe akasema, "Haya, tuanike," akaendelea. Ningeweza kuikata sehemu hiyo. Sikuikata, kwa sababu ilinichekesha.

Kitu kingine nilichofanya kinahitaji kuelezwa, maana ndicho kilicholeta yote. Kule juu mlimani mtandao ni wa kubahatisha. Ukiwa uani kwetu hupati kitu, mpaka upande kwenye uwanja wa kanisa. Kwa hiyo niliipangia seva iiambie kila simu inayochukua faili: lihifadhi hili, usirudi kuniuliza tena mpaka mwaka uishe. Mtu alichukua mara moja Jumapili baada ya misa, kisha angesikiliza shambani, jikoni, popote, simu ikimpa nakala yake yenyewe bila kunigusa mimi. Nilijiona mjanja sana kwa hilo. Mama alikuwa wa kwanza kuyachukua yote.

Baba alifariki masika iliyofuata, kwa kifua. Alikuwa ameishi miaka yote kwenye ardhi ya ukoo wa mama, kama wanaume wengi wa Kiluguru, na ukoo wa mtu ni wa mama yake. Ndugu zake wakaja na dada yake akiwatangulia, wakambeba kwa machela kwenye utelezi mpaka kwao, mgongo wa pili wa mlima, wakamzika pamoja na wajomba zake. Hakuna aliyegomba. Ndivyo tulivyo, na kama angekufa mama, sisi tungemzika pale pale uani. Lakini nilimwonea mama uchungu, kwa sababu alirudi kwenye nyumba ambayo hata kaburi la kupalilia haina.

Kabla hajarudi, kwenye msiba huko kwa shangazi, ndipo jambo lilipotokea. Wanaume wamekaa nje, wanawake ndani kwenye mikeka, mvua inanyesha. Mmoja wa wapwa wa baba, katika kumkumbuka, akafungua simu yake akaweka faili la pilipili manga kwa sauti ya juu. Watu wakatabasamu, wengine wakalia. Baba akaeleza kuchuma, akageuka, akamwita mama, akauliza kapu. Na mama, aliyekuwa amelala kando ya ukuta amefunikwa kanga kichwani, tuliyedhani amepitiwa na usingizi, akajibu kwa sauti yake ya kila siku, "Liko nyuma ya mlango."

 Nje sauti ya baba ikasema tuanike. Shangazi aliinuka akatoka, nikamsikia akimwambia kijana huyo azime.

Kesho yake aliniita kando, kwenye kibanda cha jiko. Ni mwanamke mrefu, mkali, aliyemlea baba mgongoni, na sijawahi kumwona akibembeleza mtu.

"Mwanangu, hicho kitu kiko kwako?"

"Kiko kwangu, shangazi."

"Kitoe."

Nikamwambia ni mafunzo tu ya pilipili, wakulima wanayatumia.

"Kufundisha na afundishe. Lakini aliyelala kaburini akimwita mtu jina, hapa kwetu hatuitikii. Anayeitikia anafuata. Mama yako umemsikia mwenyewe jana." Akafuta macho kwa ncha ya kanga, moshi ulikuwa mwingi. "Mimi nimeshazika kaka. Sitaki nije nizike na wifi."

Mimi siamini mambo hayo, nimesoma Chuo Kikuu Mzumbe, nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Lakini nilikuwa nimemsikia mama akijibu, na nywele zangu zilikuwa zimesimama kama za wengine. Nikamuahidi. Nilipofika mjini nikaliondoa faili kwenye seva, nikaliweka kwenye folda ambayo haifikiwi na mtu wa nje. Kuanzia hapo aliyeomba pilipili manga alijibiwa hakuna.

Kila asubuhi, kabla sijaosha uso, huwa nasoma logi, yaani orodha ambayo seva inajiandikia ya kila kilichoombwa na jibu lililotolewa. Baada ya wiki chache wakulima walikwishaizoea hali, wakabaki na karafuu na iliki zao. Isipokuwa simu moja. Simu moja iliomba pilipili manga kila alfajiri, ikajibiwa hakuna, ikaomba tena, ikajibiwa hakuna. Kesho yake hivyo hivyo. Nikajua ni mama. Nilimwona kichwani amepanda uwanja wa kanisa na ukungu, kandambili zimejaa tope, anabonyeza, na mashine yangu inamjibu vile inavyomjibu mtu yeyote. Niliichukia ile kompyuta. Kuna asubuhi nilitaka kuipiga teke.

Nikafunga safari kwenda kumwomba radhi. Nilipanda gari la Matombo, nikamalizia kwa bodaboda mpaka barabara ilipokataa, nikatembea. Nilimkuta jikoni, amekonda, mifupa ya shingo inaonekana. Shamba la chini lilikuwa limeota majani. Kwenye jiwe kando ya mafiga alikuwa ameegesha simu, na kutoka kwenye simu baba alikuwa akieleza kuchuma pilipili manga.

Sikuelewa mara moja, mimi niliyepanga mwenyewe. Simu yake haikuwa imeniomba kitu tangu baba akiwa hai. Ilikuwa na nakala yake, na niliiambia isirudi kuuliza mpaka mwaka uishe. Nilikuwa nimeliondoa faili kwa wale tu ambao hawakuwahi kulichukua, si kwa yule niliyeombwa nimwondolee.

Baba akaita. Mama akapunguza moto, akasema kapu liko nyuma ya mlango. Alisema taratibu, kama mtu asiyetaka kumuudhi mwenzake. Halafu akanitazama.

"Siku ile nilikuwa mtoni," akasema. "Angalia anavyosubiri. Mtu gani asubirishwe namna hiyo asijibiwe?"

Nikamuuliza kama anasikiliza kila siku. Akasema kila siku. Nikamuuliza kama anakula. Akasema tumbo halitaki. Nililia pale pale mbele yake, na yeye akanisongea ugali kana kwamba ni mimi niliyefiwa peke yangu.

Ilibidi nimweleze kuhusu mwaka. Nilimwambia kwamba muda utakwisha, simu itakuja kuuliza kwangu, na kwangu nimeshamwahidi shangazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sikuona hasira.

"Ikinyamaza," akasema, "nitajua amechoka kuita."

Nilirudi mjini na sentensi hiyo tumboni. Niliogopa mambo mawili na yote yalikuwa ya kweli. Nikiendelea kulificha faili, siku moja mama angebonyeza na kuambiwa hakuna, naye angeamini kwamba mume wake amekata tamaa juu yake. Nikilirudisha, angeendelea kuitikia, na kukonda, mpaka labda maneno ya shangazi yatimie, kwa kumfuata baba au kwa njaa, kwangu lilikuwa jambo lile lile.

Na bado ile simu ya alfajiri ilikuwa inaomba. Kama si mama, basi nani? Nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

Nikamuuliza moja kwa moja kama ni yeye anayefungua ile pilipili manga. Nikasikia kuku wake.

"Naangalia kama umefunga kweli," akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku." Halafu, sauti ikiwa imeshuka, "Mwanzo nilikuwa naangalia kama umefunga. Siku hizi nafungua nikisema labda huyu mtoto amesahau, amerudisha. Hizo za karafuu ameongea kama anamhubiria padri. Hii ya pilipili ndiyo kaka yangu mwenyewe."

Sikuwahi kufikiri kwamba shangazi naye anamlilia. Nilikuwa nimemweka upande wa watu wanaokataza. Nikamuuliza, nikikata pale tu anapoita, pengine pote pabaki, itakuwa vibaya?

"Kama haiti mtu," akasema, "basi ni mtu anafundisha pilipili. Weka."

Kukata sauti ni kazi ya dakika chache ukiwa na moyo. Mimi ilinichukua siku nzima. Jina lililokuwa linaondoka lilikuwa langu, kwa mdomo wake, na sina mahali pengine ambapo baba analitamka. Niliondoa wito, nikaondoa ule ukimya wa kusubiri, nikaunganisha kuchuma na kuanika. Kiungo hakikusikika. Nikaliweka faili mahali pake kwa jina lile lile, na lile la zamani nikalifuta kabisa, hata kwenye folda ya ndani, kwa sababu nilijijua kwamba nikibaki nalo nitaanza kuitikia na mimi. Alfajiri iliyofuata shangazi aliomba, akapewa.

Simu ya mama ilikuja kuomba baadaye, mwaka wake ulipoisha, Jumapili moja baada ya misa. Nilikuwa nimekaa mbele ya logi tangu asubuhi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Ombi likaingia, seva ikatoa faili jipya kwa haraka ile ile, mstari mmoja tu kwenye orodha, na chini yake watu wengine wakaendelea kuomba mdalasini. Nikangoja mama anipigie anigombeze. Hakupiga. Wiki ikapita nikasema nafuu, huenda ameridhika, huenda hata hakugundua.

Nikapanda tena kwenda kumwona. Alikuwa uani anamenya ndizi mbichi, mwembamba zaidi kuliko nilivyomwacha, simu kando yake kwenye ungo. Tukasalimiana, nikaketi kuchukua kisu cha pili. Baba alikuwa anafundisha. Alifika mwisho wa kuchuma, na bila kupumzika akasema, "Haya, tuanike." Na juu ya neno hilo hilo mama, macho yapo kwenye ndizi, akasema kapu lilipo.

Nilisimamisha kisu. Yeye aliendelea kumenya.

"Siku hizi hanipi nafasi," akasema. "Inabidi niwahi."

Nilipokuwa nateremka kuelekea barabarani, simu ilipata mtandao na shangazi akapiga. Alinishukuru kwa faili, akasema analisikiliza kila alfajiri na moyo wake umepoa. Akauliza, "Na mama yako? Ametulia sasa?"

Nikamwambia ametulia.