Mtu Aliyenipogolea Kahawa

Mwaka 1929, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alifariki, nikaanza kubeba mizigo Marangu. Shule niliipita njiani tu. Leo nina kihamba, shamba langu la kahawa na migomba, ng'ombe wawili na nyumba ya bati, na vyote nimevipata kwa mikono hii.

Mwezi jana, kwenye kisomo cha watu wazima, mwalimu alitufundisha Kiingereza cha kufanyisha: namna ya kusema kazi imefanywa kwa amri yako, wewe hukuigusa. Nikakipenda mno. Hicho ndicho Kiingereza cha mtu mzito.

Wiki hiyo hiyo bwana shamba, Mzungu, akaja na karani wake kutafuta mtu wa kufundisha wenzake kupogoa, kwa mshahara. Kazi hiyo niliitaka kweli. Akashika matawi ya kahawa yangu, akayasifu. Nami kwa Kiingereza changu kipya nikamwambia kahawa hii nimeipogolesha, kuna mtu wangu.

"Vizuri sana," akasema. "Mlete huyo mtu. Kazi ni yake."

Kazi ikawa inaniponyoka. Lakini mimi si mtu wa kurudi nyuma. Nikageukia migombani nikaita jina la kwanza lililonijia: "Eliakimu! Wewe Eliakimu!"

Mke wangu, aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe, akainuka akanijibu kwa Kichagga. "Baba Ndeshi, Eliakimu ndiye nani? Tangu lini ukamruhusu mtu mwingine aguse kahawa yako? Hata mimi unanifukuza!"

Karani, naye Mchagga, alicheka mpaka akashikilia mgomba, kisha akamgeukia Mzungu, akaanza kumtafsiria.