Mama Hayupo Mpaka Magharibi

Juzi jirani yangu hapa Kinyerezi alikuwa anachemsha mapazia meupe uani kwake, na mvuke wa sabuni ya mche na pamba iliyoloa ukapita juu ya ua ukanikuta nimekaa na redio yangu. Nikaizima redio. Kwa mtu mwingine hiyo ni harufu ya kufua tu. Kwangu ni harufu ya gunia la unga wa ngano likitolewa maandishi, na nikiisikia, uzee wote huu hunivuka kama nguo, nikabaki mtoto wa miaka kumi na moja, pekupeku, katika uwanja wa nyuma wa nyumba yetu ya Temeke.

Miaka ile ya Ujamaa unga wa ngano ulikuja katika magunia ya pamba. Mama alikuwa anayaomba kwa mchoma maandazi wa mtaani kwetu, anayachemsha, anayasugua, anayaanika, anayachemsha tena. Maandishi hayakutoka kabisa. Yalibaki kwa mbali, rangi ya samawati iliyofifia, kama kitu unachokiona chini ya maji. Juu ya kitambaa hicho ndipo alipodarizi.

Msidhani alikuwa na nafasi. Alfajiri alichoma vitumbua, asubuhi alipanga foleni ya sukari, mchana alitwanga, alifua, alipika. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, wapangaji wa kila kabila, na mama alikuwa mtu wa kuitwa. Mtoto akiungua, Mama Hamisi. Chumvi ikiisha, Mama Hamisi. Wawili wakigombania kamba ya kuanikia nguo, Mama Hamisi njoo uamue. Hamisi ni mimi.

Lakini kila siku, akishasali alasiri, mama alichukua ndoo yake ya maji akaipindua karibu na ukuta, pale kivuli kilipoanza kurefuka, akatandika mkeka ubavuni mwake na kukaa. Ndoo ikishapinduliwa, mama hayupo. Hiyo ilikuwa sheria, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuisema.

"Hamisi, mama yako yupo?" angeuliza Mama Neema, mke wa karani mmoja kutoka Njombe, aliyepanga chumba cha mbele. Na mama yupo hapo hapo, hatua tatu kutoka anaposimama, sindano mkononi.

"Hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Lindi."

"Atarudi saa ngapi?"

"Magharibi."

"Haya. Mwambie asisahau korosho zangu. Safari hii zisiwe na mchanga."

Mama hakuinua uso, ila nilimwona mabega yakimtikisika kwa kicheko. Siku za mwanzo watu wa nyumba ile walimwona ana maringo. Baadaye wakazoea, na mwisho nadhani waliipenda ile safari yake, kwani hata waliokuwa na haraka walipita kwa kunyata, kama mtu apitavyo mbele ya anayesali.

Na kweli alikuwa Lindi. Kitambaa kile kilikuwa njia ya kwao. Alikuwa hajafika huko tangu nizaliwe. Masika barabara ilikatika, na kiangazi kilimkuta na mimba au na mgonjwa. Basi aliishona njia. Nyuzi za rangi zilikuwa adimu, hivyo alifumua sweta kuukuu, alichambua magunia ya mkonge, alikusanya vipande vya kanga zilizochakaa. Nyumba ya babu ilikuwa ya uzi wa mkonge, paa lake la ukindu uliotiwa rangi ya zambarau. Mikorosho ilikuwa vipande vya kanga ya kijani. Mto Rufiji ulikuwa utepe wa kaniki ya bibi, umekatiza kitambaa kizima, na mama alikuwa ameupiga mishono midogo midogo ili maji yaonekane yanakwenda. Alasiri jua likiupiga, nilikuwa naapa kwamba yanakwenda.

Watu walikuwa vifungo. Babu kifungo kikubwa cha koti, cha kahawia. Baba, aliyekuwa akishinda bandarini akipakua mizigo, kifungo cheusi cha matundu manne. Mimi kilikuwa kifungo cheupe cha shati langu la kwanza, nimewekwa upande wa huku, karibu na nyumba ya Temeke. Na kilikuwepo kimoja kidogo cha chaza, chenye kumetameta, kimeshonwa katikati ya njia, peke yake. Huyo alikuwa dada yangu Somoe, aliyefariki kabla sijapata akili. Mama alipofika kwenye kifungo hicho alikipapasa kwa kidole gumba kisha akaendelea.

Nakumbuka baba alimuuliza siku moja, bila ubaya, kitambaa hicho ni cha nini. Cha meza hakina umbo, cha kitanda hakitoshi. Mama akafikiri. "Cha kukaa nacho," alisema. Baba akatikisa kichwa, akaenda kuoga.

Nilikuwa darasa la tano. Tulifundishwa kwamba elimu ni kujitegemea, na kwa sisi watoto kujitegemea kulikuwa na maana mbili: bustani ya mchicha na kazi za mikono. Mwaka ule mwalimu wetu alitupa wiki mbili kila mmoja atengeneze kitu, kwa sababu angekuja mgeni wa elimu kukagua, na kitakachompendeza angepewa zawadi aondoke nacho. Mimi nilijiandikisha kutengeneza ufagio wa chelewa. Ufagio ni kazi ya alasiri moja. Nilikuwa na alasiri kumi na nne, na zote nilizimalizia kwenye chandimu, nikikimbiza mpira wa matambara mpaka wazazi watuite.

Asubuhi ya ukaguzi sikuwa na hata njiti moja. Mama alikuwa ameshaondoka kwenda kwenye foleni. Nilisimama chumbani nikiitazama miguu yangu, nikikumbuka fimbo za muhula uliopita, kisha nikavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Kitambaa kilikuwa juu kabisa, kimekunjwa pande nne. Nilijiambia kitarudi kabla ya alasiri. Sikumwambia mtu, maana nilijua ninalofanya ni wizi.

Darasani tulipanga kazi zetu juu ya madawati: fagio, miko, makawa, vigari vya waya. Mgeni alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alipita akisema vizuri, vizuri, mpaka akafika kwangu, akasimama. Aliinama. Akakigusa kitambaa kwa ncha za vidole.

Mwalimu akaniuliza kama nimetengeneza mwenyewe. Nikasema ndiyo, mwalimu. Wenzangu wa dawati la nyuma wakaguna, lakini nani angethubutu.

"Na hivi vifungo ni nini?" mgeni aliuliza.

"Ni maua," nilisema.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nimeishi nalo zaidi ya miaka hamsini. Babu yangu, baba yangu, Somoe wa katikati ya njia, nikawageuza maua mbele ya mtu mwenye miwani. Akacheka kwa furaha, akasema kijana huyu ana mkono. Nikapigiwa makofi. Mwalimu mkuu akakikunja kitambaa, akakifunga kwa gazeti, na mgeni akaondoka nacho kwapani. Toka dawati langu mpaka mlangoni ni hatua kama kumi. Ningeweza kusema maneno matatu tu, ni cha mama. Niliihesabu kila hatua yake na sikuyasema.

Alasiri ile mama alisali, akapindua ndoo, akaingia ndani kuchukua kitambaa. Nilimsikia akivuta sanduku. Nilimsikia akitoa nguo moja moja. Akatafuta chini ya godoro, juu ya dari ya chandarua, ndani ya pipa la mchele. Akatoka akauliza kama nimekiona. Nikasema sijakiona. Akamuuliza Mama Neema, kwa aibu, kama mtu anayeomba, na Mama Neema akaingia naye chumbani wakatafuta wote. Mimi pia nilitafuta. Nilipiga magoti nikachungulia uvunguni, mahali nilipokitoa kwa mikono yangu.

Kesho yake, alasiri, mwalimu alipita mtaani kwetu akielekea kwake. Mama alikuwa kibarazani akichagua mchele, nami nimekaa karibu yake kwa sababu nilihofia kuwa mbali.

"Mama Hamisi, hongera," mwalimu alisema. "Kumbe unatulelea fundi. Kile kitambaa mgeni kakichukua, anasema atakitundika ofisini."

Mikono ya mama ilisimama ndani ya ungo. Hakunitazama. Pale angeweza kusema neno moja nami ningeaibika mbele ya shule nzima, nikachapwa mstarini, na pengine kitambaa kikarudi. Mwalimu alikuwa anangoja, anatabasamu.

"Ahsante, mwalimu," alisema mama. "Anajitahidi."

Mwalimu alipokwenda zake nilingoja kipigo. Mama alimaliza kuchagua mchele. Aliinjika. Kisha akachukua ndoo, akaipindua, akatandika mkeka, akaniita. Mkononi alikuwa na kipande kipya cha gunia la unga, bado kina joto la jua, na sindano mbili.

"Umewaambia wewe ndiye uliyeshona," alisema. "Kaa basi, mwanangu. Ushone."

Alinichorea mstari wa mkaa, akaniambia nianze na nyumba ninayoijua. Nilianza na ya Temeke. Mishono yangu ilikuwa mirefu na iliyopinda, kama meno ya mtoto, na damu ya kidole ilitia doa mahali ambapo pangekuwa mlango. Mama alisema doa liache, nyumba zote zina doa. Alinionyesha jinsi ya kuvuta uzi bila kukunja kitambaa, jinsi ya kuufuata uso wa gunia kama unafuata njia ya miguu. Alizungumza taratibu, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kumsikia akiitumia kwenye mambo ya chumvi na sukari. Alinihadithia kisima cha kwao. Alinihadithia Somoe alivyokuwa akicheka usingizini. Mama Neema alipokuja kuuliza kama mama yupo, hapakuwa na wa kumjibu, akatuona wawili tumeinama, akarudi nyuma kimya kimya.

Hilo lote nalijua leo. Wakati ule nilisikia kitu kimoja tu, kelele za chandimu upande wa pili wa ua.

Siku ya tatu wenzangu walinichungulia kwenye matundu ya makuti. "Jamani, Hamisi kawekwa ndani," mmoja alisema. "Hamisi mwali." Mwingine akauliza nachezwa lini, ili mama yake ashone sare ya ngoma. Wakacheka mpaka wakaketi chini. Kwetu mwali ni msichana aliyevunja ungo, anayefungiwa kufundwa. Hakuna jina baya kuliko hilo kwa mtoto wa kiume wa miaka kumi na moja. Nilihisi masikio yakiwaka. Mama akasema niwaache, watachoka.

Siku ya nne sikurudi nyumbani baada ya shule. Nilikwenda uwanjani moja kwa moja, nikacheza mpaka adhana. Niliporudi nilimkuta mama bado mkekani. Sindano mbili zilikuwa zimechomekwa ubavuni mwa mkeka, zote zimetungwa uzi. Siku ya tano vile vile. Ya sita vile vile. Nilikuwa napita ukuta wa mbali nisimwone, na moyoni nilijipongeza kwamba adhabu imekwisha, nimeshinda.

Sikumbuki siku hasa. Najua tu kwamba alasiri moja mtu alibisha akauliza kama Mama Hamisi yupo, nami kwa mazoea nikafungua mdomo, na kabla sijasema kitu mama akajibu mwenyewe kutoka jikoni.

"Nipo."

Toka hapo alikuwepo. Alikuwepo kwa kila mtu, kila saa, mpaka alipozeeka. Sikumwona tena na sindano isipokuwa kurudishia vifungo vya mashati yetu.

Nilisoma mpaka sekondari, nikafanya kazi, nikaoa, nikawa na mambo. Sina wa kumlaumu kwa miaka niliyochelewa. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Nilimwambia macho yake yalipokuwa yamekwisha kuingia ukungu, nimekaa miguuni pake, kichwa changu mwenyewe kimeshakuwa cheupe. Nilimwomba radhi kwa kitambaa. Nikamweleza habari ya maua. Nikasema najua aliniadhibu kidogo kuliko nilivyostahili.

Akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Kukuadhibu?" alisema. "Mie sikukuadhibu. Nilikuwa na saa moja tu duniani, Hamisi, nikaona nikugawie."

Akanyoosha mkono akitafuta kichwa changu, akakipata.

"Kitambaa nilishakisahau. Ila wewe nilikungoja."