Maji Yaliyotoka Chumbani kwa Mzee Ramazani

Utasema natunga. Sema tu, hata mke wangu alisema hivyo mpaka aliponisikia nikitapika. Lakini kama una sahani mbele yako, isogeze pembeni kwanza. Jambo hili sikusimuliwa na mtu. Lilipita kinywani mwangu mimi mwenyewe, na kilichopita kinywani mtu hakisahau.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, watu wakishushwa na malori kutoka milimani, na sisi wa mjini tukipanga foleni ya sabuni. Nilikuwa fundi wa mitambo ya baridi kwenye ghala la samaki hapa Kigoma. Siku moja akaja mama mmoja wa Ujiji, mnene, msafi, amejifunga vitenge vizuri vya Kongo. Jina lake Bi Faida. Wazee wake walitoka ng'ambo ya ziwa zamani, na ulimi wake ulikuwa bado wa kule.

"Yambo, fundi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nina mashine nyumbani ya kutoa baridi. Nataka uniwekee. Bwana yangu ni mgonjwa, joto linamla."

Nikadhani ni jokofu. Kumbe ilikuwa kiyoyozi, tena siyo lile sanduku la dirishani walilokuwa nalo wakubwa wachache. Hii ilikuwa ya vipande viwili, kimoja cha ndani na kimoja cha nje, vinaunganishwa kwa mabomba ya shaba. Niliwahi kuiona kwenye mafunzo Dar es Salaam tu. Ilikuwa imevushwa kwa boti kutoka Zaire, imefunikwa magunia ya dagaa, na wewe unajua wakati ule kitu kama hicho kingemletea mtu maneno gani. Bepari. Kupe. Aliniomba nisiseme, nami sikusema.

Nilikwenda mchana. Chumba cha mgonjwa kilikuwa cha nyuma, madirisha yamezibwa kwa mbao na pamba. Kitanda kilikuwa ndani ya chandarua kizito, na juu ya chandarua wametupia shuka, kwa hiyo mtu humwoni. Ubani ulikuwa unafukizwa mpaka macho yanawasha. Chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine. Mimi mtu wa ghala la samaki, harufu hainitishi. Hii haikuwa ya samaki.

"Shikamoo, mzee," nikasema nikiielekea ile shuka.

Sauti ikatoka, nyembamba kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. "Marahaba, mwanangu. Karibu."

Bi Faida akaniambia mumewe, Mzee Ramazani, ana ugonjwa wa ngozi. Jua linamchubua. Nikamhurumia.

Kuta za Ujiji za zamani ni nene, kuutoboa ule ukuta nilitokwa jasho. Nikakitundika kipande cha ndani juu ya miguu ya kitanda, cha nje nikakiweka uani. Nikapanua midomo ya mabomba, nikakaza nati, nikatoa hewa, nikaweka gesi. Kupima kama gesi inavuja unahitaji povu la sabuni. Nikamwambia mama, sabuni hakuna mjini. Akaingia ndani, akanitolea mche mzima! Nikapaka povu kwenye viungo vyote, hakuna kiputo hata kimoja. Mwisho nikapitisha mpira wa kutolea maji. Maana hewa ya chumba ikigusa yale mapezi ya baridi, vile vibati vyembamba vya ndani, inatoa jasho, na jasho hilo lazima litiririke nje. Nikaulaza vizuri, ukiinamia uani.

Mashine ikaunguruma. Baridi ikashuka. Ndani ya chandarua mtu akavuta pumzi, na yule mama akalia kwa furaha, akanishika mikono yote miwili. Nilirudi nyumbani najisikia mtu mwema.

Baadaye ukaja msimu wa joto, na jenereta la mji likaanza kusumbua. Umeme unakatika asubuhi, unarudi jioni, unakatika tena. Wakati huo ndipo Bi Faida aliporudi ghalani. Alikuwa amekonda. Vitenge vyake vilikuwa na madoa.

"Fundi, mashine inalia maji ndani. Yanamwangukia bwana yangu miguuni. Na baridi haitoshi. Twende, tafadhali."

Nikaenda naye baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimekula ugali na samaki, mgebuka wa ziwani. Nakwambia ili ujue baadaye nilitapika nini.

Tulipoingia uani nikawaona paka. Paka wa mtaa mzima, sijui walitoka wapi. Walikuwa wamezunguka mwisho wa ule mpira wangu, wanalamba ardhi. Ardhi ilikuwa imegeuka nyeusi, inang'aa kama mahali palipomwagwa mafuta ya kukaangia. Bi Faida akawarushia kuni, hawakwenda mbali. Walikaa wakijilamba midomo.

Nilijua tatizo hata kabla ya kugusa. Maji yakirudi ndani, mpira umeziba. Vumbi, utando, wakati mwingine mjusi. Na dawa ya mpira ulioziba kila fundi anaijua. Kama huna pampu, unauvuta kwa mdomo. Unavuta, ukisikia kilichoziba kinasogea unatoa mdomo haraka, unatema. Nilishafanya hivyo mara nyingi kwenye majokofu.

Nikaupangusa kwa shati. Nikaweka mdomo. Nikavuta.

Kikagoma. Nikavuta kwa nguvu zaidi. Kikaachia chote mara moja, sikuwahi kutoa mdomo.

Ndugu yangu, nitakwambiaje? Hayakuwa maji. Yalikuwa mazito, ya uvuguvugu, matamu kidogo. Huo utamu ndio mbaya kuliko yote. Yalinijaa mdomoni na mengine yakapita kooni. Yalikuwa na mafuta ambayo yaliganda papo hapo kwenye meno, kama mafuta ya mbuzi ukiyanywea maji baridi. Na katikati ya ule uji kulikuwa na kitu kigumu, chembamba, kimelala juu ya ulimi wangu. Nikatema mkononi. Ukucha. Ukucha mzima wa kidole gumba, na ngozi yake bado imeshikilia kwenye shina.

Nilitapika mpaka nikapiga magoti. Paka wakaja. Na hayo wakayala, mbele yangu.

Nilipoinua kichwa Bi Faida alikuwa amesimama juu yangu ameshika kata ya maji. Hakuuliza kuna nini. Hakushangaa ukucha. Alisema tu, kwa upole, kama mama anayemwogesha mtoto, "Sukutua, fundi. Sukutua, halafu tuingie ndani. Kipande cha ndani nacho kinataka kusafishwa."

Utauliza kwa nini sikukimbia. Nilitaka. Lakini niseme ukweli, kichwa kilikuwa kimekufa ganzi, na mikono ya fundi hufanya kazi yenyewe. Nikaingia. Siku hiyo umeme ulikuwepo, mashine inavuma, lakini inatoa hewa kama ya mtu anayekupumulia usoni. Nikafungua kifuniko. Mapezi yalikuwa yamezibwa na utando wa manjano, mzito, unaweza kuuchota kwa kijiko. Feni nayo imepakwa huo huo, na nyayo za panya zimechapwa juu yake, nikajua ule ukucha ulifikaje kwenye mpira. Nikaanza kuukwangua kwa bisibisi, ukawa unaanguka mapande mapande sakafuni, unatoa sauti ya ugali unaodondoka. Bi Faida akaenda kuchota maji ya moto jikoni.

Alipotoka tu, chandarua kikatikisika.

"Mwanangu," ile sauti ikasema. "Umeyaonja?"

Mkono ukatoka chini ya shuka, ukashika ukingo wa kitanda. Vidole havikuwa na kucha. Ngozi ya mkono ilikuwa imelegea, imeteremka kidogo kama soksi iliyokatika mpira, na chini yake kulikuwa na kitu cha kijivu kinachong'aa. Aliponyanyua kiganja, ngozi ilibaki kwenye ubao.

"Mimi nilifia ziwani," akasema Mzee Ramazani. "Tulikuwa tunarudi kutoka ng'ambo. Kifua kilinibana, nikafa miguuni pake. Badala ya kunileta nyumbani nizikwe akageuza boti, akanipeleka kwa mganga. Yule mganga akamwambia, pumzi nimemrudishia, mwili sina dawa yake. Na huyu mwanamke akakubali."

"Yesu na Maria," nikasema.

"Sipati usingizi, mwanangu. Sifi. Nanuka na najisikia nikinuka. Ananiosha, nanyofoka kwenye kitambaa, analia, kesho ananiosha tena. Ananipenda. Sina ubaya naye. Lakini usiitengeneze hiyo mashine; baridi yake ndiyo inayonishikilia, na mwili ukiisha pumzi haitakuwa na pa kukaa. Nakuomba kwa mama yako aliyekuzaa."

Spana ilikuwa mkononi mwangu. Nilitazama zile nati za shaba nilizokaza mwenyewe, na povu la sabuni likanijia akilini. Sikufikiri sana. Nikaweka spana kwenye nati, nikafungua.

Gesi ikatoka kwa mlio wa nyoka. Mabomba yakaota barafu nyeupe, na vidole vyangu vikaungua kwa baridi. Bi Faida akaingia na sufuria la maji ya moto. Aliposikia ule mlio alielewa yote. Sufuria likaanguka.

"Funga! Fundi, funga!" Akanishika miguu, akabusu viatu vyangu vilivyojaa ule uchafu. "Baba, mwanangu, funga! Nitabaki na nani?"

"Faida," mzee akasema kutoka kitandani. "Faida mke wangu. Acha itoke."

Akaniachia. Akafunua chandarua, akapanda kitandani, akajilaza pembeni yake na kumkumbatia. Nilisikia namna mikono yake ilivyomzamia. Sauti hiyo sitakuelezea. Nikaacha vifaa vyangu vyote pale, nikatoka nje, paka wakanipisha.

Asubuhi yake msikitini Ujiji ikatangazwa kwamba Mzee Ramazani ameaga dunia baada ya kuugua. Jirani yangu mmoja alikuwa miongoni mwa waosha maiti. Alirudi hana rangi. Alisema hawakuweza kumsugua, walimmiminia maji tu kutoka mbali, wakamviringisha sanda juu ya turubai. "Yule mtu," akaniambia, "hakufa jana."

Bi Faida nilikutana naye mara moja tu, kule Kibirizi, akingoja boti ya kuvuka ziwa na mizigo yake. Nilitaka kujificha nyuma ya makapu ya dagaa, akawa ameshaniona. Akanijia, akanitazama mdomo, si macho. Akasema, "Umenizikia mume, fundi. Mungu akulipe." Akapanda boti. Mpaka leo sijui kama aliniombea dua au aliniapiza.

Kazi ya baridi niliiacha. Nilijifunza kutengeneza baiskeli, nikalea watoto kwa hiyo. Nyama ya mafuta sili. Siagi sili, supu sinywi, na mgebuka nawaachia wengine mezani. Nimesukutua kwa chumvi, kwa majivu, hata kwa mafuta ya taa. Joto likizidi, mwezi wa tisa au wa kumi, naamka ulimi umetandwa na ule utelezi, na utamu wake. Niamini, nimetema mate miaka yote hii na hayajaisha. Nikiitwa kwenye ofisi yenye kiyoyozi nasubiri nje, juani, waniletee karatasi nisaini huko huko. Wananiona mshamba.

Wewe fundi unayenisikiliza, usiweke mdomo wako kwenye mpira wa mtu. Nunua pampu. Na ukiitwa kwenye nyumba ambayo mgonjwa wake haonekani, lakini wanataka chumba kiwe baridi, baridi, baridi zaidi, usifungue hata mfuko wa vifaa. Omba kwanza akutolee mkono umsalimu. Akikataa, rudi nyumbani kwako ukiwa na njaa.

Na wewe uliyefiwa, na umpendaye bado yuko mbele yako amelala, najua inavyouma. Mlilie. Kisha mzike mapema.