Waya Mnene na Vitambaa vya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa kujisifia masikio. Katika kwaya yetu ya mtaa wa Niboye, kinanda kikiteleza kidogo tu, mimi ndiye wa kwanza kukunja uso. Kwa hiyo niliponunua waya mnene wa spika, uliovikwa uzi wa rangi ya dhahabu, nilitarajia makubwa, na nikayapata. Jioni hiyo nilipoufunga na kupiga rekodi ya kwaya, sauti za kina mama zilijaza sebule kana kwamba wenyewe wamekaa kwenye kochi letu.

Hata mke wangu, aliyekuwa jikoni akimenya ndizi, alichungulia. "Umefanya nini? Leo iko tofauti."

Kichwa kilinivimba. Wiki nzima nilihubiri habari za waya kanisani, kwa majirani, hata kwa fundi wa Gisozi aliyenitengenezea stendi za spika. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu, na mahubiri yasiyo na ushahidi humkera. Tena spika zenyewe, kubwa kama kabati, zilikalia mahali alipotaka kuweka meza ya chakula tangu tuoane. Jumamosi, tuliporudi kutoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, akanifunga macho kwa kitenge.

"Mara kumi. Nitaweka waya wa zamani ao mupya, vile nitataka. Ukijua, spika zinabaki. Ukishindwa, zinaenda sitoo."

Nilikubali kwa madaha. Shahidi alikuwa mama yake, mzaliwa wa Bujumbura, aliyekuwa nasi mwezi wa pili sasa na ambaye hakuwahi kuonekana bila sindano ya kufumia.

Mara ya kwanza nikasema, "Mpya huu." Mara ya pili, "Wa zamani, unakwaruza." Kufikia mara ya saba nilikuwa natokwa jasho, maana kusema kweli sikusikia tofauti yoyote. Niliogopa. Spika zile nilirudi nazo kutoka Tanzania, na kwenye basi nilizilipia nauli kama watu. Sikutaka ziishie kati ya magunia ya maharage.

Nikasikia kalamu ikikwaruza karatasi. "Nne kwa kumi," mke wangu akasema. "Umeanguka."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, ninajua. Lakini nilibisha, kitenge bado usoni. "Siku ile hata wewe ulisikia!"

"Nilisikia," akakiri. Alikuwa mkweli, na hilo lilimsumbua.

Muziki ulikuwa bado unalia. Ghafla kina mama wote wakazama, kana kwamba wamefunikwa blanketi. Nikavua kitenge. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya spika, akivirudisha vitambaa vyake vya kufuma, vizito, vya maua, vinavyoning'inia mpaka chini. Alikuwa amevivua kwenye spika ili avifue siku ileile niliyofunga waya, na mvua ya wiki nzima ikamzuia kuvianika.

Mke wangu alinitazama. Tulikuwa tumeelewa sote wawili. Lakini mkwe hamwambii mama mkwe kwamba kazi ya mikono yake inaziba kwaya.

"Mama," nikasema, nikitazama sakafu, "vitambaa ni vizuri sana. Ila labda spika zinasikia joto."

"Mukwe wangu, wacha uongo," akasema kwa upole. "Nilivifuma vinene makusudi. Tangu nifike, kichwa iko inaniuma. Nikaona kukuambia punguza ni kukukosea heshima. Basi, nikafuma."

Niliona aibu mpaka masikio haya ninayojisifia yakawaka moto. Nikanyoosha mkono nikapunguza sauti, kazi ambayo ingechukua sekunde mbili miezi miwili iliyopita. Yeye akavivua vitambaa bila kuambiwa. Tukasikia kila mwimbaji, taratibu, waya wa zamani ukiwa bado mahali pake.

"Iko vizuri," mke wangu akasema. "Lakini nne ni nne."

Siku hizi ninasikiliza muziki stoo. Meza ya chakula imekaa sebuleni, imevikwa vitambaa vyote viwili. Mama mkwe akija kututembelea huingia na kufuma kwake, hukalia gunia la maharage, na baada ya wimbo mmoja au miwili huniambia, "Mukwe wangu, ongeza kidogo."